Maji na Joto kwa Mimea ya Ndani ya Nyumba Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina kitalu kidogo Nyakato. Nauza miche ya mboga za kwenye vyungu, viungo vya jikoni na maua ya sebuleni. Wateja wanaorudi na mmea ulionyong'onyea huuliza maswali yale yale, na mengi yanahusu maji. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa kila siku.

## Ya kuanzia

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Sikupi idadi, na wengi jibu hili huwaudhi. Chungu kile kile, kwenye kona ile ile, kitataka maji kila baada ya siku 2 mwezi Agosti upepo mkavu ukivuma, kisha mwezi Aprili mawingu yakitanda kikae wiki nzima bado kina unyevu. Ukifuata ratiba, utauzamisha mmea wakati wa masika na kuukausha kiangazi.

Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo uliogandia na ukahisi ubaridi, acha hadi kesho. Kikitoka kikavu na udongo unapukutika, mwagilia. Ukishazoea utaweza kunyanyua chungu tu: chenye maji ni kizito, kikavu kinanyanyuka kama kikapu kitupu. Mimi siku hizi nanyanyua, ila kwa mmea nisioujua bado naingiza kidole kwanza.

Kila ninapomwagilia, niweke kiasi gani?

Mwaga polepole, ukizungusha kopo, hadi maji yaanze kutoka kwenye matundu ya chini. Hapo udongo wote umepata. Kwa chungu cha ukubwa wa kopo la rangi la lita 4, mara nyingi ni kati ya nusu lita na robo tatu. Baada ya nusu saa, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Kosa la kawaida ni nusu kikombe kila siku. Juu panaonekana pamelowa, chini mizizi haijaona maji tangu mwezi uliopita. Mizizi hufuata maji, kwa hiyo inabaki juu juu, na siku ukisahau mmea unaanguka mara moja.

Mmea umelegea. Nitajuaje kama una kiu au umezidiwa maji?

Dalili zinafanana, na hapa ndipo watu wengi wanapoua mmea. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji muda wote, nafasi za hewa zinaisha, mizizi inaoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji. Mmea unalegea kwa kiu huku umesimama kwenye maji. Mwenye nao anauona umelegea, anaongeza maji.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Isamilo, amekumbatia Zamioculcas, ule mmea wenye majani mazito yanayong'aa, ndani ya chungu cha urembo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeununulia hadi mbolea, bado unanikataa."

"Unaupa maji lini, mama?"

"Kila asubuhi kikombe kimoja. Jioni nikiuona umelegea, naongeza."

Nilichomoa chungu cha ndani. Kile cha urembo hakikuwa na tundu, na maji yaliyokuwamo yalinuka kama mtaro. Mmea huu una viazi chini ya udongo vya kuhifadhia maji, maana kwao ni huku huku Afrika Mashariki, kwenye nchi zenye kiangazi kirefu. Nilivipapasa kimoja kimoja. Cha kwanza kilipasuka mkononi kama ndizi iliyooza, cha pili vivyo hivyo, cha tatu kilikuwa kigumu. Tulikata vilivyooza, tukaacha hicho kimoja kikauke siku 2 kivulini, tukakipanda kwenye udongo mkavu. Sasa kina machipukizi matatu, na mama anamwagilia mara moja kwa wiki 3.

Kwa hiyo gusa udongo kabla ya kuhukumu. Udongo mkavu, majani makavu pembeni, chungu chepesi: ni kiu. Udongo umelowa, majani ya chini yamegeuka manjano na kulainika, kuna harufu: umezidiwa. Ukibaki na shaka, chomoa mmea utazame mizizi. Mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia na gamba lake linabanduka ukiivuta.

Kuna na hali ya tatu. Mchana wa jua kali, mmea wenye majani mapana unaweza kulegea hata kama udongo una unyevu, kwa sababu majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Usikimbilie kopo. Usubiri hadi saa 12 jioni, na ukijinyanyua wenyewe haukuwa na shida ya maji.

Saa ngapi ni nzuri kumwagilia?

Asubuhi, kati ya saa 12 na saa 3. Mmea unaingia kwenye joto la mchana ukiwa umeshiba, na majani yaliyorushiwa maji yanapata muda wa kukauka. Ukimwagilia jioni kwenye chumba kisichopitisha hewa, unyevu unalala na mimea usiku kucha na ukungu unafurahi. Lakini ukikuta mmea una kiu kweli saa 10 jioni, upe maji. Usiuadhibu hadi asubuhi.

## Maji yenyewe

Maji ya bomba yana dawa. Yataunguza mmea?

Klorini inayowekwa kwenye maji ya bomba ni kidogo na mimea mingi haijali. Ukitaka uhakika, jaza ndoo jioni, iache wazi usiku mmoja, asubuhi sehemu kubwa ya klorini imeshapaa. Faida nyingine ni kwamba maji yanafikia joto la chumba. Kwa maji ya kuhifadhi muda mrefu wakati wa mgao, funika vyombo. Sababu utaiona kwenye swali la mbu hapo chini.

Naishi karibu na ziwa. Naweza kuchota maji ya ziwa?

Kwa maua, ndiyo. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi nyingi, na kwa upande huo yanavishinda visima vingi vya mjini. Lakini usiingie majini kwa miguu kuchota. Kichocho kipo kando ya ziwa hili, na konokono wanaokibeba hupenda sehemu zenye maji yaliyotulia na magugu, ndipo hasa watu wanapochota. Epuka pia maji yenye utando wa kijani.

Kwa mboga unazokula mbichi, kama mnanaa au saladi, tumia maji unayoweza kuyanywa.

Maji ya kisima changu yanaacha ukoko mweupe juu ya udongo. Ni nini?

Ni chumvi na madini yanayobaki maji yakishapaa. Ukoko ukiongezeka, ncha za majani zinaungua na kuwa kahawia. Kwangua sentimita 1 ya juu, weka udongo mpya, halafu mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi ya mvua hadi yatiririke chini kwa dakika kadhaa, yaondoke na chumvi. Mbolea ya dukani ikizidishwa huleta ukoko huo huo.

Maji ya mvua je?

Ndiyo bora kuliko yote. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga.

Na maji ya kuoshea mchele, au samaki?

Ya mchele yanafaa mara moja moja, yakiwa mabichi siku hiyo hiyo. Yakishachacha, yatakuletea harufu na wadudu.

Ya sangara na dagaa naulizwa sana, maana huku samaki haiishi jikoni. Yapeleke kwenye mgomba nje. Ndani ya nyumba damu na mafuta yanabaki juu ya udongo, vinanuka, paka anafukua chungu na siafu wanafuata. Kama dagaa walikuwa na chumvi, maji hayo hayafai hata mgombani.

Maji ya simtanki yanatoka ya moto mchana. Nisubiri?

Subiri. Tangi jeusi juani, na hasa bomba linalopita juu ya bati, linaweza kutoa maji yanayounguza mkono, na mizizi ni laini kuliko mkono wako. Maji ya friji nayo hapana. Kipimo changu ni kutia kiganja: nisipohisi joto wala baridi, hayo ndiyo.

## Joto

Mimea ya ndani inataka joto kiasi gani?

Mingi inastawi kati ya nyuzi joto 18 na 29. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo, ingawa tuko karibu kabisa na ikweta, mchana kwa kawaida hufika nyuzi 27 hadi 30 na usiku unapoa. Wenzetu wa nchi za baridi wanalipia umeme kupata joto hili. Kazi yetu ni kuulinda mmea dhidi ya sehemu za nyumba zinazojitengenezea joto lao wenyewe.

Nyumba yangu ni ya bati na haina dari. Mimea inaungua mchana. Nifanye nini?

Ishushe. Hewa ya moto inapanda, na chini ya bati bila dari tofauti kati ya juu ya kabati na sakafuni ni kubwa. Simama juu ya kiti saa 8 mchana uone uso wako unavyopata moto. Sakafu ya saruji inabaki na ubaridi, kwa hiyo mmea uliokuwa unakufa juu ya kabati unaweza kupona ukiuweka chini kando ya mlango. Ipange pamoja pia, kwa sababu majani yakipumua karibu karibu yanatunza unyevu wa hewa.

Fungua madirisha ya upande wa ziwa kuanzia adhuhuri. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na ndiyo feni yako ya bure.

Tunaishi juu ya mawe. Kwa nini mimea yangu haipoi hata usiku?

Mawe makubwa ya Isamilo, Bugando, Mabatini na Igogo yanakunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole baada ya giza kuingia. Weka kiganja kwenye jiwe saa 2 usiku, bado lina joto. Ukuta uliojengwa kuliegemea unafanya hivyo hivyo, na chungu kilichobanwa kwenye ukuta huo hakipati usiku.

Maua ya majani yatavumilia, nyanya na hoho zitakusumbua. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukabaki na joto, maua yao yanadondoka bila kufunga tunda. Wengi hudhani ni ukosefu wa mbolea, wanaongeza urea, wanapata majani mengi zaidi. Sogeza chungu mita 1 kutoka ukutani, na ukiinue juu ya matofali mawili hewa ipite chini.

Vipi kuhusu dirishani?

Jua la asubuhi ni zuri. Jua la saa 9 alasiri kupitia kioo kilichofungwa linapika majani yanayogusa kioo: utaona mabaka meupe au ya kahawia upande ule tu. Pazia jepesi linatosha. Angalia pia rangi ya chombo. Mfuko au ndoo nyeusi inayopigwa na jua inapasha udongo hadi mizizi ya upande huo inakufa, huku majani yakionekana mazima. Ivalishe gunia.

Julai usiku kunakuwa na baridi. Niingize ndani mimea ya barazani?

Usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 15 au 16. Hakuna mmea wa kawaida utakaokufa kwa hilo. Mrehani utadumaa kidogo na mbegu za hoho zitachelewa kuota, kwa sababu zinapenda udongo wa nyuzi 24 hadi 30. Kwa mbegu, weka trei jikoni usiku. Kinachoumiza zaidi miezi hiyo ni upepo mkavu na vumbi: futa majani kwa kitambaa chenye maji, na pima udongo kila siku.

Feni na kiyoyozi vina madhara?

Feni inayozungusha hewa taratibu inasaidia, hasa wakati wa masika. Ikielekezwa moja kwa moja kwenye mmea inaukausha. Kiyoyozi kinakausha hewa zaidi, na mmea ulio chini yake utaanza kukauka ncha. Usiujibu kwa kuongeza maji kwenye udongo, uhamishe.

## Vyombo, udongo na miche

Naweza kupanda kwenye ndoo isiyo na matundu nikiweka kokoto chini?

Hapana. Kokoto haziondoi maji, zinayapandisha tu karibu na mizizi. Pasha msumari moto, toboa matundu 5 au 6. Kama unapenda chungu cha urembo kisicho na tundu, weka chenye matundu ndani yake na umwage maji yanayokusanyika. Kisa cha mama wa Isamilo hapo juu kinatosha.

Chungu cha udongo wa kufinyangwa kinapumua pembeni, kwa hiyo kinakauka haraka na kinabaki na ubaridi. Ukisahau kumwagilia, chagua plastiki. Ukiwa na mkono mwepesi wa kumwaga, chagua cha udongo.

Nitumie udongo gani?

Luseni peke yake, ule wa kichanga, unapitisha maji yote. Udongo mweusi wa mbuga unayashika hadi mizizi inakosa pumzi, na ukikauka unapasuka na kukata mizizi midogo. Mimi nachanganya ndoo 2 za luseni, ndoo 1 ya mboji au samadi iliyooza vizuri, na ndoo 1 ya maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu hadi kuwa meusi. Maganda hayo yanapatikana kwa bei ndogo kwenye mashine za kukoboa, na yanauachia udongo hewa. Finyanga konzi moja yenye unyevu: iungane, halafu ikiguswa ivunjike.

Miche yangu imeota vizuri, halafu imeanguka kwa usiku mmoja. Kwa nini?

Hiyo ni kinyausi. Inama uangalie pale shina linapotoka kwenye udongo. Utaona limekonda kama uzi, limekuwa la kahawia, huku majani mawili ya juu bado ni ya kijani. Vimelea vya ukungu vilivyo kwenye udongo vimekula shina, na vinapenda udongo uliolowa na hewa iliyosimama.

Ilinipata masika ya mwaka wangu wa pili. Nilikuwa na trei 2 za hoho ndani ya baraza niliyoizungushia turubai, na kwa kuogopa zisikauke nilizimwagilia kila jioni. Asubuhi moja nikakuta nusu ya trei imelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Hadi jioni haukubaki mche hata mmoja. Niliumia, maana zilishalipiwa.

Mche ulioanguka hauponi. Ung'oe pamoja na walio jirani, acha uso wa udongo ukauke, ruhusu upepo. Msimu unaofuata panda mbegu kwa nafasi, mwagilia asubuhi kwa kuweka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, na udongo wa miche uuchemshe au uufunike kwa nailoni angavu juani wiki kadhaa kabla.

## Maswali ya pembeni

Kuna wadudu wadogo weusi wanaruka kwenye vyungu. Ni wale wa ziwani?

Wale wa ziwani, wanaopanda kama moshi juu ya maji na usiku kujaa kwenye taa, hawazaliani kwenye chungu chako. Wanakufia dirishani, unafagia. Ukiona vijidudu vinavyotembea juu ya udongo na kuruka kila unapogusa chungu, hao ni wengine: funza wao wanakula uozo na mizizi michanga, na hawaishi kwenye udongo mkavu. Acha sentimita 3 za juu zikauke kabisa kati ya kumwagilia, tandaza mchanga mkavu juu, nao watapungua ndani ya wiki chache.

Ni kweli vyungu vinaleta mbu?

Udongo hauleti, kisahani chenye maji ndicho kinacholeta. Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivyo, na siku 7 hadi 10 zinatosha yai kuwa mbu anayeuma. Mwaga visahani kila mara na uvisugue, kwa sababu mayai hugandia pembeni. Madumu na ndoo za akiba ziwe na vifuniko.

Nimepewa ua la Saintpaulia. Mbona majani yana mabaka ya duara?

Umelimwagia maji ya baridi juu ya majani. Weka chungu kwenye kisahani chenye maji ya joto la chumba kwa dakika 20, kisha ondoa. Ua hili ni la kwetu: Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya kutoka Usambara, na Hermann Wendland akalipa jina mwaka 1893. Kwao linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, kwa hiyo mwamba wa Mwanza uliopigwa na jua usikudanganye. Liweke mbali na jua la moja kwa moja.

Udongo umekauka hadi maji yanapita pembeni na kutoka chini. Nifanyeje?

Umejikunja na kuachana na kuta za chungu. Zamisha chungu kwenye beseni hadi mapovu yaishe, kama nusu saa, kisha kiache kichuruzike.

Nasafiri wiki 2 na nyumba inafungwa. Mimea itaishi?

Itaishi ukijiandaa. Mwagilia vizuri siku ya kuondoka, toa yote dirishani, ikusanye kwenye chumba chenye kivuli. Kwa ile yenye kiu, kama mnanaa na mrehani, weka ndoo ya maji juu ya stuli na vyungu chini yake. Chukua utambi wa pamba wa jiko la mafuta ya taa, ulio mpya, ulowanishe wote kwanza, ncha moja ifike chini kabisa ya ndoo na nyingine uifukie sentimita 5 kwenye udongo. Jaribu siku 3 kabla ya safari ukiwa bado nyumbani. Udongo ukilowa kupita kiasi, ishushe ndoo au tumia utambi mwembamba zaidi.

Mshubiri na Zamioculcas usiziwekee utambi. Na ukimwachia jirani ufunguo, mwonyeshe kwanza namna ya kuingiza kidole, kwa sababu jirani mwenye roho nzuri humwagilia kila siku.